Kubabua nyama hakufungi maji yake

SWALI: Mwalimu, mapishi mengi huniambia nianze kwa kubabua nyama kwenye mafuta ya moto ili "kufunga maji yake". Nimefanya hivyo, lakini sufuria ilijaa maji, nyama ikawa ya kijivu, tena ngumu. Je, moto wangu ulikuwa mdogo?

JIBU: Inawezekana, ila nashuku zaidi kwamba uliijaza sufuria na nyama ilikuwa bado imelowa maji. Vipande vikibanana, mvuke hauna pa kupitia, na maadamu sufuria ina maji, joto lake haliendi mbali na 100 °C. Hapo unachemsha, hubabui. Rangi ya kahawia huanza kushika kuanzia kama 140 °C. Futa nyama ikauke, uibabue mafungu mafungu.

Sasa hayo maneno ya "kufunga maji". Kila kundi jipya la wanafunzi huja nayo, na kila mara natamani kuvua aproni niende zangu. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig ndiye aliyeyavumisha mwaka 1847: alidhani sehemu ya juu ikiganda kwa joto huzuia majimaji ya ndani yasitoke. Huhitaji maabara kumpinga. Sikiliza sufuria tu. Ile "chwaaa" ni maji yanayotoka nyamani na kugeuka mvuke. Yangekuwa yamefungwa, sufuria ingenyamaza. Au weka kipande ulichokibabua vizuri kwenye sahani, ukirudi baadaye utakuta kidimbwi.

Kinachokamua nyama ni joto lililofika ndani. Nyuzi zake hujikaza sana zikifika kama 60 °C, na ukizidisha joto nazo huzidi kukamua, ganda la nje liwepo lisiwepo. Ugumu wako basi ni suala jingine: kama ni nyama yenye mishipa mingi, inataka moto mdogo na saa kadhaa hadi ile mishipa iyeyuke.

Basi tunababua kwa nini? Kwa ladha. Protini na sukari za nyama zikikutana na joto kali pakavu huzaa harufu na rangi ambazo maji ya kuchemka hayawezi kuzitoa. Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza badiliko hilo mwaka 1912. Sababu hiyo inatosha.

Lakini wapo wataalamu wa video za dakika moja wanaovuka hata hapo. Wanasema nyama "iliyofungwa" imeshakuwa salama, ikibadilika rangi imeiva. Huo ni mzaha na matumbo ya watu. Kwenye kipande kizima vijidudu vingi hukaa juu, ambako moto huvifikia. Nyama ya kusaga imechanganya ya juu na ya ndani, na kuibabua nje hakusaidii kitu katikati. Hiyo ifikishe 71 °C ndani, kuku 74 °C, na upime kwa kipimajoto cha kuchomeka, maana rangi hudanganya. Wengine hubabua usiku, wakaiacha nusu mbichi hadi kesho "kuokoa muda". Joto la vuguvugu ndilo vijidudu hulipenda kuzaliana. Ukibabua, endelea kuipika papo hapo hadi iive, ndipo uipoze haraka na kuiweka kwenye friji.