Maji yanavuja uani? Usikimbilie sururu

Mwaka jana mwezi wa tisa, mlima Loleza umekauka rangi ya kahawia na vumbi la Mbeya limejaa hadi kwenye masufuria, mimi kwangu kulikuwa na kipande cha majani mabichi karibu na ukuta. Kipande chenyewe kilikuwa kama mkeka wa mtu mmoja. Mama watoto akaona bahati, akapanda mchicha, na mchicha ukakubali kweli kweli. Huku ndani nagombana na watoto kuhusu bili ya maji: nani kaacha koki wazi, nani anaoga kwa ndoo mbili. Ilinichukua karibu miezi miwili kugundua kwamba mchicha na bili ni habari moja.

Nilipozinduka nikachukua sururu, nikachimba palepale penye majani. Nusu siku nzima. Nikalikuta bomba zima kabisa, limelala kwenye matope. Mchicha umeharibika, na maneno niliyoambiwa jioni ile siyaandiki hapa.

Kiwanja changu kipo kwenye mteremko, kama viwanja vingi vya huku, na udongo wetu wa volkano ni mwepesi, unanyonya. Maji yakitoka kwenye bomba hayachomozi papo hapo. Yanateremka chini kwa chini, yakigonga kitu kigumu kama msingi wa ukuta ndipo yanachungulia nje. Ukiona palipolowa, tundu litafute upande wa juu.

Fundi bomba mmoja mzee wa mtaani, wote tunamwita Babu, alicheka alipoliona shimo langu. "Mwanangu, umechimba kabla hujaiuliza mita?"

Kuiuliza mita ni hivi. Funga koki zote, na valvu ya kwenda kwenye tanki pia, maana boya likiwa limeshuka tanki litaendelea kujaa na utadhani ndiyo uvujaji. Kisha itazame ile nyota nyekundu ndogo kwenye uso wa mita. Mita nyingine zina pembetatu. Ikizunguka, hata kwa kusuasua, kuna maji yanapita. Hakikisha tu siku hiyo maji yapo. Siku ya mgao nyota inasimama, nawe utalala usingizi wa pono ukidhani umepona.

Mimi niliandika namba saa nne usiku, nikazisoma tena saa kumi na moja alfajiri: zilikuwa zimepita lita 140. Ni ndoo ya lita 20 kila saa. Kwa mwezi zinazidi uniti 14, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000.

Babu akafunga geti valvu ya laini ya bustani. Nyota ikasimama. Akafungua, ikaanza tena. Kwa kitendo hicho kimoja tukaachana na nyumba na tanki, tukabaki na hatua ishirini za bomba. Kama laini zako hazina valvu za kuzitenganisha, weka hizo kabla hujafikiria koki za kung'aa bafuni. Na kama palipolowa ni kabla ya mita, usiguse, toa taarifa mamlaka ya maji.

Usiku Babu alirudi na nondo. Akaichomeka ardhini pembeni kidogo ya njia ya bomba, akaweka sikio. Usiku mtaa umetulia, na presha imepanda kwa sababu majirani hawachoti. Nilipoweka sikio langu nikasikia shiii nyembamba, hatua nne juu ya shimo langu la aibu.

Asubuhi tulichimba tukalikuta: tundu dogo kama kichwa cha kiberiti, upande wa chini wa bomba, mahali lilipokalia jiwe lenye ncha. Jiwe hilo nililifukia mwenyewe, mwaka ule nilipolaza bomba haraka haraka mvua zisinikute.

Nilitaka kufunga mpira wa tyubu. Niliwahi kufanya hivyo, ukadumu wiki tatu. Safari hii tulifunga maji, tukakata kipande kibovu kwa msumeno, mkato ulionyooka, tukaweka kipande kipya na koplingi mbili za kuungia. Futa matope yote, lainisha ncha ya bomba kwa kisu, paka maji ya sabuni, sukuma mpaka mwisho. Koplingi za bomba hili jeusi la roli hazihitaji tepu, mpira wa ndani ndio unaozuia maji. Kaza kwa mkono, kisha spana kidogo tu. Kwa baridi ya Juni au Julai bomba linakuwa gumu, basi lichovye ncha kwenye maji ya moto kwanza.

Fungulia maji taratibu, na mtaro usiufukie siku hiyo. Sisi tuliuacha wazi hadi kesho yake, namba za mita hazikusogea, ndipo tukazungushia bomba mchanga bila jiwe hata moja.

Majani yale yalikauka ndani ya wiki mbili. Sasa mama watoto ananidai mpira wa kumwagilia mchicha.