Kukata muunganisho hakutoshi

Ndugu, umesema uliunganisha MetaMask (pochi yako ya sarafu za kidijitali) na tovuti ya kugawa tokeni za bure, ukabonyeza kuidhinisha, kisha ukakata muunganisho. Unauliza kama USDT zako (zile sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola) ziko salama. Bado. Kukata kunaizuia tovuti kuona pochi yako tu. Ile idhini, yaani ruhusa ya kuchukua tokeni zako, imebaki kwenye blokucheini (daftari la pamoja la miamala), na mara nyingi huwa haina kikomo cha kiasi. Nenda Etherscan, tovuti ya kuangalia miamala ya Ethereum, sehemu ya kukagua idhini za tokeni, uifute. Utakatwa ada kidogo ya ETH, sarafu ya Ethereum. (Mimi niliwahi kukuta idhini ya miezi minane, nimeshaisahau kabisa!) Siku nyingine ingia na pochi ya pembeni yenye hela ya kuchezea. Ila kama uliwaandikia yale maneno 12 ya siri ya kufungulia pochi yako, usihangaike kufuta: fungua pochi mpya, uhamishe kila kitu sasa hivi.