Wanagusa picha kabla hawajasikiliza

SWALI: Nafundisha Gredi ya 2, Likoni. Kipindi cha kusikiliza na kuzungumza tunatumia vishikwambi vyenye hadithi za sauti na picha. Watoto hupata majibu, lakini nikiwapa maagizo kwa mdomo hawafuati. Kasoro iko wapi?

JIBU: Mwalimu, zima sauti kabisa kisha uwape zoezi lilelile. Wakiendelea kupata majibu, basi linapima macho. Picha zikiwa wazi tangu mwanzo, mtoto hubahatisha mpaka apatie.

Tengeneza lako. Jirekodi kwa simu sekunde 30 au 40, feni ikiwa imezimwa, simu shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, pumzi isivume. Ukiiweka rekodi kwenye video, H5P, programu ya bure, itaisimamisha pale unapotaka, iulize swali, na anayekosea imrudishe jibu liliposemwa. Picha zitokee sauti ikishakwisha.

Kazi kubwa iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Tuseme sauti inasema: "Nenda kibandani, chukua mahamri manne na mbaazi. Viazi karai leo usichukue." Weka picha tatu: mahamri manne na mbaazi, mahamri manne na viazi karai, mahamri mawili na mbaazi. Aliyedaka neno mojamoja atakosa, nawe utajua kilichompita: akichagua viazi ni "usichukue", akichagua mawili ni idadi. Ukiweka picha ya ndege au gari, hata asiyesikia kitu atapatia.

Kabla ya kucheza sauti, waambie wanachotafuta: "Sikilizeni mnieleze tununue nini." Maneno yenyewe yasiandikwe kwenye skrini, watasoma badala ya kusikiliza.

Vishikwambi vyote vikilia pamoja hakuna anayesikia, na chini ya mabati kuongeza sauti huongeza mwangwi tu. Watoto wanne kwa kishikwambi kimoja, wakikaribiana, makundi yakipokezana. Anayekosa kila mara hata akiwa karibu, zungumza na mzazi apimwe masikio.

Kuhusu maagizo yako: kifaa hurudia kila kinapoguswa, mwalimu husema mara moja. Ruhusu kusikiliza mara mbili tu. Wiki ya tatu, mara moja. Dakika tano za mwisho vishikwambi vifungwe, utoe agizo la hatua mbili kwa mdomo bila kurudia: "Chukua kitabu chako, kiweke chini ya kiti." Wakilimudu, ongeza hatua ya tatu.