Uvimbe wa ndewe na kupe niliyemsahau

Daktari aliniuliza kama nimewahi kuumwa na kupe, nikajibu hapana bila kufikiri. Ndewe ya sikio langu ilikuwa imevimba, nyekundu ya kuelekea zambarau, wala haikuuma. Majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa hapo kikapimwe, yalisema seli za limfu zimejazana, na huenda ni limfoma, saratani ya seli hizo. Usiku ule mke wangu ndiye aliyenikumbusha: miezi miwili nyuma, tulipotoka msituni, alining'oa kupe nyuma ya sikio lile lile.

Nilirudi kwa daktari mbio. Kumbe Borrelia, bakteria wa ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe, anaweza kukusanya seli B, aina ya seli za limfu za kinga ya mwili, mahali pamoja, hasa kwenye ndewe au chuchu, na chini ya hadubini uvimbe huo ukafanana na saratani. Si saratani. Antibiotiki ya doksisiklini ikaumaliza, ingawa taratibu kuliko nilivyotaka.

Je, kupe huleta limfoma? Barani Ulaya, Austria na Scotland zikiwemo, DNA ya Borrelia imekutwa kwenye baadhi ya limfoma za seli B za ngozi. Marekani walitafuta, wakaambulia karibu patupu. Hoja yenyewe ina mantiki: seli B zikichokozwa muda mrefu huzaliana bila kupumzika, na mojawapo inaweza kuharibika ikawa saratani. Tumboni tunaijua vizuri zaidi: kuna limfoma inayoletwa na Helicobacter pylori, bakteria aishiye tumboni, na mara nyingi hunywea bakteria akishauawa. Kwa kupe ushahidi ni mwembamba, kwa hiyo anayekuambia kila Lyme huishia saratani, mkimbie.

Ukimkuta kupe, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Andika tarehe! Mimi ningeandika, nisingedanganya bila kujua. Ukipelekwa kukatwa kinyama cha kupimwa, mtaje kupe mapema ili maabara wamtafute Borrelia pia. Kipimo cha damu wiki za mwanzo huweza kutoonyesha kitu.

Ila usijifiche nyuma ya kupe. Mtoki usiouma unaozidi kukua, jasho la usiku la kulowesha shuka, uzito unaopungua wenyewe: hapo usikubali kupewa antibiotiki mara ya pili na ya tatu bila kinyama kupimwa. Ndewe yangu ilipona, na bado kila nikioga napapasa shingo.