Fimbo ya mikono miwili: maswali yenu ya uvuvi wa samoni

Kaka, nimealikwa kuvua samoni mto Spey mwezi wa tano. Ninunue fimbo ya futi ngapi? (Msomaji, Aberdeen)

Chukua ya futi 13 au 14, ya mshipi namba 9 (namba ni ya uzito wa mshipi). Itakutosha Spey na Dee, mito ya Uskoti. Futi 15 waachie wanaovua mto Tay, hukohuko Uskoti, majira ya baridi, maji yakiwa yamefura. Ukiishika kutwa nzima mabega yatakusimulia usiku. Mikono miwili inatakiwa kwa sababu mara nyingi nyuma yako kuna miti, huna pa kurushia mshipi. Unaukunja juu ya maji kando yako, kisha unausukuma mbele, na mtindo huo umepewa jina la mto huohuo unaokwenda. Zamani fimbo zilikuwa za mbao. Nimewahi kushika moja ya futi 16, nzito kama mchi. Halafu usipange Jumapili: sheria ya Uskoti hairuhusu kuvua samoni siku hiyo.

Je, ya bei kubwa ndiyo imara zaidi? (Msomaji, Leicester)

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini hapa ghali nayo huvunjika. Fimbo nyingi za bei ya juu ni za kaboni ngumu sana, ukuta mwembamba: nyepesi, inarusha mbali, ila haitaki kugongwa. Nzi bandia (chambo cha manyoya) aliyefungwa kwenye kibomba cha shaba akiigonga wakati wa kurusha, anaacha alama hata huioni. Wiki tatu baadaye inakatika papo hapo, nawe unamsingizia samaki. Kwa anayetaka kudumu nayo, mimi nasema bei ya kati, kaboni isiyo ngumu mno, hata kama imezidi gramu kadhaa. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji: kipande kimoja kikivunjika nitakipata peke yake, na kwa shilingi ngapi? Akianza kuzungukazunguka, toka dukani.

Yangu imepasuka kwenye kiungo, mara ya pili sasa. Nina mkosi? (Msomaji, Oslo)

Huna mkosi, dada, una viungo vilivyolegea. Urushaji huu unaisokota fimbo, na kila mrusho unafungua kiungo kidogo. Ikifika saa sita mchana kipande cha juu kinacheza ndani ya mdomo wa kile cha chini, na mdomo unapasuka. Yalinikuta Tay. Nilikuwa nasikia "tak" kila nikirusha, nikadhani ni rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Mara nusu ya fimbo ikaruka ikaingia mtoni! Mshipi ndio ulioirudisha, lakini mdomo ulishapasuka kama sentimita mbili.

Tangu hapo nina kipande cha mshumaa mfukoni. Pakaa sehemu inayoingia, chomeka pete (zile za kupitishia mshipi) zikiwa zimepishana kidogo, kisha zungusha taratibu huku ukisukuma mpaka zinyooke mstari mmoja. Zungushia utepe wa fundi umeme. Hata hivyo, kila baada ya saa moja pitisha vidole kwenye viungo.

Ya mtumba je? (Msomaji, Glasgow)

Nunua, ila nenda na kipande cha pamba. Kipitishe ndani ya kila pete. Kikinasa, pete ina ufa na itakula mshipi wako. Unganisha vipande vyote, tikisa, sikiliza. Na ujue dhamana ya kiwanda kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza.

Nikirudi nyumbani nitaitumia kwa samaki trauti wa Mlima Kenya? (Msomaji wa Nanyuki, aliyeko Perth)

Hapana, ndugu yangu. Vijito vile unavijua, vingine unaruka kwa hatua mbili. Beba ya mkono mmoja, futi 7 au 8. Hii ya futi 14 itanaswa na matawi kabla trauti hajajua umefika.