Kukwama kwenye FreeCell si bahati mbaya

Ndugu, umeuliza kama karata mbaya ndizo zinazokukwamisha kwenye FreeCell, ule mchezo wa karata wa kompyuta wa mtu mmoja. Hapana. Karata zote 52 ziko wazi tangu mwanzo, na katika migao 32,000 ya toleo la awali la Microsoft, usiotatulika ni mmoja tu: namba 11982. Tatizo ni kujaza mapema zile nafasi nne za akiba, ambapo kila moja huhifadhi karata moja kwa muda. Zikiwa tupu zote, unahamisha karata tano kwa mpigo. Ikibaki moja, mbili tu. Safu tupu ina thamani zaidi: huzidisha idadi hiyo mara mbili, mradi huhamii humo humo. Usiharakishe kuijaza! Kabla ya kugusa chochote, tafuta ree na mbili zilizofukiwa, kisha anza kufukua safu yenye vizuizi vichache.