Muulize Fundi: Kori nne, inayofanya kazi ni moja tu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Tanga, Ngamiani, namsaidia mjomba mahesabu ya mnada wa samaki pale Deep Sea, rekodi za miaka sita. Nimeandika programu kwa lugha ya Python yenye thredi nne (yaani njia nne za kazi ndani ya programu moja), mashine ina kori nne (sehemu nne za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) na nimeweka mfumo wa FreeBSD 14, ila nikifungua top, ile ya kuonyesha programu zinavyotumia prosesa, naona programu imegota kwenye asilimia 100 haivuki, wakati kori nne zingetakiwa zifike karibu 400. Rafiki yangu anasema FreeBSD haiwezi thredi, nihamie Linux. Nihame kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usihame kwanza. Rafiki yako hajakudanganya, ila hiyo habari imepitwa na wakati zamani sana.

Enzi za FreeBSD 4, thredi zilikuwa zinaendeshwa na laibrari (mkusanyo wa kodi ambao programu zinautumia) inaitwa libc_r na kerneli yenyewe, kiini cha mfumo kinachogawa kori, ilikuwa haizijui kabisa, ilikuwa inaona prosesi moja basi, yaani programu moja inayoendeshwa. Wewe mtu wa Tanga chukulia karakana ya katani, mashine za kusokota zipo nne na vijana wanne wamefika, lakini kwenye daftari la msimamizi kuna jina moja tu, kwahiyo anatoa mashine moja na hao wanne wanapokezana hapohapo. Mbaya zaidi thredi moja ikiwa inasubiri diski, thredi zote zinasimama nayo.

Mwaka 2003 ikaja FreeBSD 5 na kitu kinaitwa KSE, thredi nyingi za programu zinapangwa juu ya chache za kerneli. Kwa maelezo ni tamu, ila zamu zikawa zinapangwa mara mbili, kerneli inapanga na laibrari nayo inapanga, kodi ya programu ikawa ngumu mno kuitunza. Linux wao mwishoni mwa mwaka huohuo walitoka na kerneli 2.6, ambayo NPTL, laibrari ya thredi ya Ulrich Drepper na Ingo Molnar, inaitegemea, thredi moja ya programu kwa moja ya kerneli, rahisi. FreeBSD nao wakaenda njia hiyo kwa laibrari ya libthr, toleo la 7.0 Februari 2008 likaifanya ndio ya kawaida, na 8.0 ikafuta KSE kabisa. NetBSD, mfumo ndugu wa FreeBSD, ilifanya hivyohivyo kwenye 5.0, mwaka 2009. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo, kufuta kazi uliyoihangaikia miaka sio jambo dogo.

Kwahiyo kwenye FreeBSD 14 yako kila thredi ipo kwenye daftari la kerneli. Hakikisha mwenyewe: piga top -H wakati programu inaendelea, utaziona thredi zako kila moja na mstari wake. Halafu tafuta faili kubwa, megabaiti mia tano hivi, andika xz -k -T4 na jina la faili (xz inabana faili, -T4 ni kutumia thredi nne), angalia top tena. Ukiona xz imepanda kuelekea 400 basi ujue mfumo hauna kosa.

Kosa lipo kwenye Python. Ile ya kawaida ina kufuli linaitwa GIL, thredi yenye kufuli ndio inaendesha kodi ya Python, zingine zinasubiri, na ukihamia Linux utalikuta kulekule. Thredi zinakusaidia programu ikiwa inangoja mtandao au diski, lakini wewe unajumlisha tu kilo na bei. Tumia moduli ya multiprocessing, gawa rekodi kwa mwaka, kila mwaka uende kwenye prosesi yake halafu jumlisha majibu mwishoni. Itakula memori zaidi maana kila prosesi ina yake, kwahiyo kila moja isome faili la mwaka wake tu, usipakie rekodi zote kwanza ndio ugawe.

Kuna Python isiyo na kufuli hilo, ilianza kama majaribio kwenye 3.13 mwaka 2024, ila kwa hesabu za watu za pesa anza na multiprocessing. Msalimie mjomba.